Maiti Katika Magazeti ya Mekanisiye

Siku yangu ya kwanza kazini, Direktere wa mgodi hakuniuliza kama najua hesabu. Alinisukumia mfuko wa posta, akaniambia niandike kila kilichomo. Nilikuwa nimetoka Mushaki, kwa wafuga ng'ombe, kuja kuwa karani kwenye mgodi wa bati katika msitu wa Walikale. Kazi yangu ilikuwa rejista, daftari kubwa ambamo kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

Miaka ya hamsini ilipoanza, Mekanisiye, Mwamerika aliyetunza pampu zetu, alianza kutumiwa magazeti ya picha kutoka kwao. Mwanzoni lilikuja moja kwa mwezi, baadaye furushi zima. Kiingereza sikukijua, lakini michoro ilijieleza. Mtu anauawa kwa siri, anafukiwa, kisha anatoka kaburini nyama zikining'inia, kumshika aliyemdhulumu.

"Kule kwetu kila butike inauzisha hizi," aliniambia. "Watu wanapenda kuogopa."

Ndipo udongo ulipomfunika Bauma shimoni, mchimbaji kutoka kijiji cha Lushebere. Direktere alikataa afukuliwe.

"Andika deserteri," alisema.

Yaani mtu aliyetoroka kazi. Nikaandika. Uchovu nilio nao leo ulianzia kwenye mstari ule.

Mkewe alikuja dirishani na mtoto mgongoni. "Papa Karani, bwana yangu alikufa ao iko muzima? Uniambie tu, nimulilie."

"Alitoroka, Mama," nikamjibu. Aliyetoroka hafanyiwi kilio, wala mkewe hanyoi kichwa.

Tangu hapo, kila gazeti nililifungua nikimtafuta Bauma. Kisha yale ya maiti yakakatika, yakaja ya sungura na bata.

"Wakubwa ya kwetu walikataza," Mekanisiye alinung'unika. "Wanasema inaharibisha watoto."

Vijana, miaka yote niliyobaki pale hakuna maiti aliyeingia ofisini kwetu kudai haki yake. Direktere alirudi Ulaya akiwa ameagwa kwa karamu. Mimi nilistaafu na mgongo mbovu, nikaona aibu: nilikuwa nimemwachia marehemu kazi yangu mimi.

Nikaenda Lushebere. Mama yule, mzee sasa, alikuwa anachambua maharage mlangoni na binti yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

Mikono yake iliacha maharage. "Njo leo unakuja kusema?"

Akasukuma ungo pembeni, akamgeukia binti yake.

"Leta wembe, uninyoe kichwa. Papa yako alikufa."