Sentimita Arobaini za Kaka

Mama Futi alikuwa na kanuni moja: haandiki urefu wa boti ambao hakuupima kwa mkono wake. Jina hilo alipewa na manahodha kwa sababu ya futi kamba iliyoning'inia kiunoni mwake miaka kumi na minane, akiwa mpimaji wa maegesho ya boti. Wengine walimwita hivyo kwa dhihaka. Dhihaka haijawahi kufupisha boti.

Asubuhi moja bahari ilipoanza kuchafuka, aliingia ofisini kaka yake, mkubwa wake wa tumbo moja. Alikuwa ameuza shamba akanunua boti ya abiria, na alikwisha kuzunguka maegesho matatu akilinganisha bei zilizobandikwa ukutani. Hapa palimfaa: ukuta wa mawe wa kukata mawimbi, mlinzi, maji ya bomba. Nafasi ilibaki moja, ya boti zisizozidi mita nane.

"Andika saba na nusu, mdogo wangu. Karatasi za muuzaji hizi hapa."

"Karatasi hazielei, kaka. Twende tukapime."

Akaanzia omo, ncha ya mbele, akapita tezi, mwisho wa boti, akaishia kwenye injini iliyoning'inia nyuma. Mita nane na sentimita arobaini.

"Injini nayo unaipima? Si useme unipime na tumbo!"

"Tunatoza kwa urefu wote, kaka. Chochote kinachokalia maji."

"Basi naiinua."

"Ukiiinua ndiyo inazidi kutoka nje."

Manahodha wawili waliokuwa gatini wakacheka. Kaka hakucheka. Mawimbi yalikuwa yameanza kuruka juu ya ukuta, na boti yake ilivuta kamba kama mbuzi aliyeona kisu. Akamsogelea, akashusha sauti.

"Nani alikulipia ada ya chuo?"

"Wewe."

"Nilikupimia?"

Mama Futi akaelekeza kalamu majini. Nyuma ya nafasi ile ndipo boti ya wagonjwa inapogeuzia, na upana wa hapo ni wa kubana hata siku ya maji shwari. Akamweleza hivyo. Akamweleza pia kwamba nafasi kubwa itafunguka baada ya wiki, kwa bei inayokaribia maradufu, umeme mbali.

"Kwa siku hizi ipandishe nchi kavu. Winchi nitalipa mimi."

"Sadaka ya mpimaji siitaki," alisema kaka, akafungua kamba mwenyewe.

Alikwenda gati la wazi upande wa pili wa rasi, lisilo na ukuta wala mlinzi, rahisi kuliko yote. Kesho yake mchana mawimbi yaliigongesha boti kwenye nguzo mpaka ubavu ukapasuka. Ikazama hapohapo, watu wakitazama.

Wapo wanaosema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba dada mwenye huruma angeandika saba na nusu. Mimi nasema mgonjwa aliyelala ndani ya boti ya wagonjwa naye ana dada. Huruma inayolipwa kwa usalama wa mtu mwingine si huruma.

Lakini sitaficha bei. Kaka sasa anaendesha boti ya mtu mwingine. Binti wa Mama Futi alipoolewa, kiti cha mjomba kilikaa kitupu. Ni mwaka wa nne hawajasemezana, na kaka mwingine hana.