Mkwaruzo Kwenye Dramu

Shangazi yangu ni fundi wa mashine za fotokopi, na mtaa mzima unamwita Mama Wino. Miaka ishirini na mbili amezifungua, amezisafisha na kuzitukana. Kabla mteja hajaondoka, Shangazi huchapa karatasi moja ya majaribio, mteja anatia sahihi na tarehe, naye anaihifadhi kwenye faili. Mimi nilikuwa namcheka. Nani anatunza takataka za namna hiyo?

Mwaka ule lilizuka kundi lililojiita Wenye Mji. Lilianza na vikaratasi vya kupenyezwa chini ya milango, kwamba waliohamia mtaani ndio wanaotumaliza. Kisha likafungua ukurasa mtandaoni, na uongo ule ule ukaota miguu. Asubuhi moja tukaokota karatasi mpya, safari hii ati imeandikwa na wahamiaji wenyewe: "Tutachoma nyumba zenu." Kufika saa sita mchana picha yake ilikuwa kwenye kila simu, na Wenye Mji wakaitisha mkutano kesho yake kwenye ukumbi wa shule. Ajenda ilikuwa moja: mshonaji mmoja mhamiaji, jirani wa duka la Shangazi, ahame na ndugu zake wote kabla ya Ijumaa.

Mshonaji alikuja dukani, futi yake bado inaning'inia shingoni.

"Dada, mimi hata jina langu naliandika kwa shida," akasema. "Nitamchoma nani?"

Shangazi akaisogeza ile karatasi dirishani. Upande wa kulia kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, toka juu hadi chini, na vidoa vitatu ukingoni. Akaguna, akavuta faili lake.

Kesho yake ukumbini alipanda jukwaani bila kuitwa. Akaweka karatasi mbili moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga, kisha akawapa watu wa mbele wajionee: mstari juu ya mstari, vidoa juu ya vidoa.

"Huo ni mkwaruzo wa dramu, ile silinda ya ndani ya mashine inayobandika wino," akasema. "Kila dramu ina wake. Karatasi moja ni ile ya vitisho. Ya pili ilitoka kwenye mashine ya ofisi ya Wenye Mji, mwezi wa tatu, na sahihi ya katibu wao hiyo hapo. Nilimwambia abadilishe dramu, akanijibu nani ataangalia mstari. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu!" ukumbi ukamalizia, na vicheko vikaanza. Katibu aliinuka, akashika mlango.

Mshonaji hakuhama. Shangazi ndiye aliyeandamwa: picha yake ikasambazwa na neno MSALITI usoni, wateja wakapungua, jiwe likapasua kioo cha duka. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili akaagiza kioo.

Mwezi uliofuata katibu akaja mwenyewe, mashine kwenye mkokoteni na adabu tele.

"Mama, tunaomba utubadilishie dramu. Yaliyopita si ndwele."

"Hayo yajayo ndiyo ninayoyaganga, baba," Shangazi akamjibu. "Hiyo siigusi. Nenda kwa fundi mwingine. Tupo tisa mji huu, na siku hizi wote tisa tunatunza karatasi za majaribio."