Mali ya Wote, Kazi ya Marehemu

Kwetu, mtu akizikwa, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele. Siku hiyo ndugu hukusanyika, mzigo wote huletwa uani, na wazee hugawa mbele ya watu ili baadaye pasiwe na manung'uniko. Mdogo wangu hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo ugawaji ulikwenda haraka. Viatu na koti vilikwenda kwa binamu. Blanketi alibaki nalo mama. Simu, pamoja na laini yake, alipewa mjomba, kwa sababu mjomba ana haki yake kwa mpwa na hakuna aliyetaka kubishana naye. Mimi nilipewa kompyuta, maana marehemu alikuwa akikaa kwangu Kampala, pale Kisugu, na mzee mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyekosa usingizi kwa mwanga wa hiyo kitu. Apewe."

Watu wakacheka kidogo, hata mama. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tumegawa ufunguo mmoja vipande viwili, kimoja kikabaki Kenya upande wa Busia na kingine kikarudi Uganda. Mimi mwenyewe sikujua. Ninashona vitambaa vya viti vya magari Kisenyi, karibu na magereji, na masomo yangu yaliishia darasa la nane.

Mdogo wangu alikuwa karani kwenye duka la jumla. Saa zake za mapumziko alizitumia kuandika programu ya kutuma ujumbe wa kukumbusha watu siku zao: siku ya kliniki, siku ya mkutano, siku ya kuchukua dawa. Hakuiuza. Aliiweka mtandaoni wazi, mtu yeyote aichukue, asome yaliyomo ndani, arekebishe akiweza, atumie bila malipo. Alisema hiyo ndiyo programu huria. Nilipomuuliza kwa nini anatoa kazi yake bure, aliniuliza yeye: "Dada, wewe karatasi yako ya kukatia viti si huwaachia wenzako waifuatishe?"

"Nawaachia. Lakini kitambaa kikipasuka hawaji kugonga kwangu."

"Kwangu watagonga," alisema, akacheka. "Wewe utawaambia nimelala."

Niliporudi kutoka mazishini sikuifungua kompyuta ile kwa muda. Niliifungua nikitafuta picha yake nzuri kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka. Neno la siri nilikuwa nalo. Alinipa alipolazwa, ili nimsomee ujumbe wake. Picha niliipata, lakini juu yake palikuwa na lundo la barua kutoka kwa watu nisiowajua, wote wakizungumza naye kama mtu aliyekaa tu mahali fulani akikataa kujibu. Mbona kimya? Lini utarekebisha? Sisi tunakutegemea. Mmoja aliandika kwamba kama hana nia ya kuendelea, aseme, awaache watu watafute kitu kingine.

Nilijibu kwa Kiingereza changu cha shule. Niliandika kwamba amekufa na mimi ni dada yake. Yule mmoja alirudisha jibu siku hiyo hiyo: pole sana kwa msiba, je, kuna mwingine anayeweza kushughulikia jambo hili wiki hii?

Niliifunga kompyuta nikaenda kufua. Sikuwa na nguo chafu. Nilifua zilizokuwa safi.

Katika lundo lile kulikuwa na barua moja ya aina nyingine. Ilitoka kwa mtu wa mbali ambaye hadi leo sijui ni wa nchi gani. Alikuwa amemwandikia mdogo wangu kwa siri, bila kutangaza, wakati mdogo wangu yuko hospitali. Alieleza kwamba programu ina tundu. Anayejua pa kugonga anaweza kusoma majina ya watu wote walioandikwa mle, nambari zao za simu, siku wanayokwenda kuchukua dawa, na ni dawa gani. Alikuwa ameshaandika marekebisho. Watu wa kompyuta huyaita kiraka. Kilichobaki ni mwenye programu kukikubali na kukitoa, ili wote wanaoitumia wakichukue.

Nilisoma barua ile mara kadhaa, na kila mara niliwaza mtu mmoja, jirani yangu wa mlango wa pili.

Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa Kampala, Mwislamu, mama wa watoto watatu. Anachukua dawa kwenye kliniki moja ya Namuwongo, dawa za kunywa kila siku maisha yote. Mume wake hajui. Dawa zake zilikaa kwangu, ndani ya mkebe wa vifungo, na alikuja kunywa akisema amekuja kuomba chumvi. Kliniki ile ilitumia programu ya mdogo wangu. Kwenye simu yake ujumbe ulisema tu "Kumbuka Jumanne", bila neno jingine. Mdogo wangu aliuandika hivyo kwa makusudi, na mume akiusoma alidhani ni mambo ya shule ya watoto.

Nilimwambia siku ile ile. Sijui kuficha jambo, na hili halikuwa langu kuficha.

"Banange! Jamani!" alisema. "Kwa hiyo jina langu liko wapi sasa?"

"Liko kliniki. Ila mlango haufungi vizuri."

"Si uufunge? Wewe si ndiye una kompyuta?"

"Siwezi peke yangu."

"Kwani ni ya nani hiyo kitu?"

Nikamwambia ni ya watu wote. Alinitazama kwa namna ambayo mpaka sasa inaniuma.

Asubuhi nilikwenda kliniki. Msimamizi, ambaye wote humwita musawo kama wanavyoitwa matabibu wa hapa, alinisikiliza akiwa amesimama, karatasi mkononi.

"Nnyabo, mama yangu, pole kwa msiba. Lakini hiyo ni programu ya kaka yako."

"Yeye ndiye aliyekuja kuiweka?"

"Hapana. Aliiweka fundi wetu."

"Basi nyinyi mliichukua wenyewe."

"Tuliichukua kwa sababu ni ya bure. Kama ina tabu, mwenye nayo airekebishe."

"Mwenye nayo tumemzika."

Alikunja karatasi yake. Nikamwomba aizime mpaka kiraka kitoke. Akasema akiizima wagonjwa watasahau siku zao, na wengine wakikosa dawa hata wiki moja ni hatari. "Utakuja wewe kuwakumbusha nyumba kwa nyumba?"

Fundi wao ana kibanda Kisenyi, si mbali na ninaposhona. Nilimkuta anakunywa chai. "Mama, mimi niliambiwa niweke, nikaweka," alisema. "Kuitunza hatukuzungumza. Hata ukinunua friji, anayekuletea haji kukufungia mlango wake."

Kilichoniudhi ni kwamba kila mmoja alikuwa na sababu, na ukiisikiliza sababu yake peke yake haina kosa. Zikiwekwa pamoja ndipo jirani yangu anabaki nje.

Nikarudi kwa mtu wa mbali, nikamwambia nitakitoa kiraka mwenyewe, anielekeze. Alinielekeza hatua kwa hatua kwa maneno mepesi. Nilipofika mwisho, kompyuta ikadai nambari iliyotumwa kwenye simu ya mwenye programu. Simu iko kwa mjomba. Kwake mtandao wa Uganda unashika vizuri, maana nyumba yake iko karibu na mpaka. Nikampigia.

"Mjomba, kuna nambari imeingia kwenye simu ya marehemu. Nisomee."

"Nambari ya nini?"

"Ya kufungulia kazi yake."

"Aa-aa. Redio imekataza. Mtu akikupigia anataka nambari iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi."

"Mjomba, ni mimi."

"Mwizi naye husema ni mimi."

"Sauti yangu huijui?"

"Sauti naijua. Kilichokuingia moyoni ndicho sikijui. Simu nilipewa mbele ya wazee. Kama unataka niirudishe, itisha wazee."

Akakata. Nilipiga tena na tena; hakupokea. Nilimchukia jioni nzima. Baadaye nikaona kwamba, kati ya watu wote niliowabembeleza, ni yeye tu aliyekuwa analinda kitu alichokabidhiwa.

Wakati huo huo mtu mwingine wa mtandaoni alianza kuniandikia. Huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Kila barua ilianza na pole. Alisema mzigo huu ni mkubwa kwangu, nimwandikishe yeye kuwa mwenye programu leo hii, nipumzike niomboleze ndugu yangu. Nilikuwa nimechoka na nilikaribia kukubali. Nikamuuliza yule wa kwanza, mwenye kiraka: nitajuaje nani kati yenu ni mwema?

"Huwezi kujua," alijibu. "Usiniamini hata mimi. Tafuta watu wanaoitumia programu, wasome nilichoandika kabla hujakitoa. Ukiwapa, wataona kila mstari."

Niliwaandikia wale waliokuwa wakilalamika sana, kwa sababu niliwaza kwamba mwenye kelele ndiye mwenye haja. Wengi hawakujibu. Yule aliyekuwa akiuliza "lini, lini" alisema hana muda wa kusoma kazi ya watu. Waliosoma walikuwa wawili, mwalimu wa shule moja na mtu wa ushirika wa wafugaji. Mwalimu alikuta mahali ambapo kiraka kingeachia, wakabishana na mwenye kiraka kwa barua, kwa adabu, wakarekebisha. Sikuelewa hata nusu ya walichosema. Nilielewa kwamba wawili wamekaa chini wakafanya kazi, na nikatamani mdogo wangu angewaona. Miaka yote ile sikumbuki akiniambia kuna mtu amemsaidia. Yule mpole sikumjibu tena. Huenda nilimdhulumu, huenda niliponea chupuchupu.

Mjomba alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye basi la kutoka Busia, simu ikiwa mfukoni mwa shati, imefungwa kwenye leso.

"Nambari siisemi kwa simu," alisema kabla hata ya salamu. "Nimeileta."

Tulikaa pamoja mbele ya kompyuta. Niliomba nambari mpya, ikaingia, naye akaisoma tarakimu moja moja, kwa sauti kubwa, kama karani wa mahakama anayeita mashahidi. Nikaandika. Kiraka kikatoka. Mjomba akauliza, "Basi?" Nikamwambia basi. Akaomba aonyeshwe kitanda cha mpwa wake. Alikaa juu yake, nami nikaenda kuchemsha chai polepole.

Nilidhani tumemaliza. Lakini kiraka kikishatoka, kila anayetumia programu lazima akichukue akiweke kwake. Mtu wa mbali alinionya: sasa kiko wazi, na anayekisoma anaweza kujua tundu lilikuwa wapi, kwa hiyo wasiokiweka wako hatarini zaidi kuliko jana. Nilimpigia msimamizi. Alisema atamwambia fundi. Fundi akasema atapita wiki ijayo, ana kazi Entebbe.

Niliacha kazi yangu nikaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, asubuhi. Muuguzi akaja. "Nnyabo, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nangoja mweke kile kitu."

"Utangoja sana."

"Nimezoea kungoja hospitali."

Kesho yake nilirudi nikakaa tena. Wagonjwa wakaanza kuuliza ninangoja nini, nami sina tabia ya kusema uongo. Msimamizi aliponiona nikimweleza bibi mmoja, alimpigia fundi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Fundi alifika analalamika, akakaa, akamaliza kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kushona kiti kimoja. Nilitaka kulia kwa hasira. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Nikamuuliza kama anaweza kuona iwapo kuna mtu aliyeingia kusoma yale majina.

"Ingeonekana kama kumbukumbu za wanaoingia zingekuwa zinawekwa," alisema.

"Hazikuwekwa?"

"Zinajaza nafasi. Tulizizima."

"Nani aliamua?"

Alimtazama msimamizi, na msimamizi alimtazama yeye.

Jirani yangu alikuwa anachambua mchele mlangoni niliporudi. Nikamwambia mlango umefungwa. Akashukuru Mungu, halafu akauliza swali ambalo nililiogopa tangu kliniki.

"Waliona au hawakuona?"

"Hakuna anayejua."

"Hata kaka yako angekuwepo?"

"Hata yeye asingejua."

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukaa nangoja mtu mwingine amwambie. Kila simu yake ikilia nitakufa. Heri aisikie kwangu."

"Si lazima," nilimwambia. "Huenda hakuna aliyeona."

"Dada, huenda yako nitailalia vipi?"

Jumapili mchana, mume wake akiwa nyumbani, aliniletea watoto wote watatu. Alikuwa amevaa vizuri, kama anayekwenda harusini. Alirudi kwao akafunga mlango. Niliwapa watoto vipande vya vitambaa wacheze, nikaketi sakafuni, mgongo ukutani upande wa kwao. Sauti yake ilisikika kidogo, haikupanda. Kisha kimya. Nilitamani wote wangekuwa pale, msimamizi, fundi, yule asiyekuwa na muda wa kusoma, wote wamekaa nami sakafuni wanasikiliza kile kimya.

Mtoto wa mwisho alichoka kucheza, akaja kuniegemea. Akauliza kama sasa wanaweza kurudi kwao.

Nikamwambia bado.