Ameir Hakuitika

"Mtu anaitwa mbele ya kadamnasi, yeye kaganda kitini kama mwari! Ameir, umerogwa au umezeeka?"

"Tabia, niache nishone suruali ya watu."

Lakini Tabia, mkewe, mwanamke wa Tanga mwenye ulimi kama mbuzi ya kukunia nazi, hakuacha. Tangu washuke teksi mpaka wafungue kibanda chao cha ushonaji hapo Yeoville, alikuwa juu yake. Na haki alikuwa nayo. Mumewe alizaliwa Unguja enzi za Mwingereza, akavushwa Mombasa mgongoni mwa mama mwaka ule bendera ya Sultani iliposhushwa. Waliokuja kutawala Unguja wakasema hawamjui. Mombasa wakasema si mtu wao. Mwingereza alipoandikiwa, akajibu kuwa watu wale alikuwa akiwalinda tu, hakuwazaa. Ndiyo hivyo, mlinzi wa duka zamu ikiisha huenda kwao, haondoki na duka!

Basi Ameir akaingia Johannesburg bila nchi, akawashonea Wakongo suti za kanisani mpaka ndevu zikageuka pamba. Leo ndiyo alikuwa aitwe kaunta ya uhamiaji, ahojiwe, apewe ukaazi. Asipoitika na kesho, faili linafungwa, aondoke. Aende wapi?

"Ile sauti uliisikia?" Ameir akauliza polepole.

"Niliisikia. 'Ameir wa Makame!' Masikio yangu si ya kuazima."

"Na pale kaunta nani anajua Kiunguja? Yule binti wa Kizulu?"

Binti wa kaunta, sasa ndipo Tabia alipokumbuka, alikuwa anakunywa chai. Na ukumbi mzima, watu wamejaa kama dagaa, hakugeuka hata mmoja.

"Na harufu ile?"

"Karafuumaiti," Tabia akanong'ona.

"Mama alinikanya: usiitikie sauti usiyouona uso wake. Nchi inayonidai imebaki moja tu, mke wangu, ile ya Sultani, nayo ilishakufa. Nikisema naam, nimekuwa raia wake."

Tabia akamtazama miguuni. Kivuli cha mumewe, ukitaka amini, kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia mlangoni, kimechelewa kama mtu aliyekosa teksi. Lakini Mtanga hakubali kushindwa.

"Kesho tunarudi. Nitamtazama mdomo kila anayeita. Nikikufinya, itika. Nisipokufinya, kuwa kiziwi."

"Uraia wa kufinywa!" Ameir akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haya, twende. Ila ufinye taratibu, bibi, nyama zenyewe..."

Pazia likafunuka. Akaingia Samira, mjukuu wao, mzaliwa wa hapahapa, mtoto anayekisikia Kiswahili na kukujibu Kiingereza. Hata shikamoo humtoka kwa kubembelezwa. Mkoba wa shule hakuutua.

"Babu," akasema, kwa Kiunguja kilichonyooka, kile cha vikongwe, "wamechoka kukwita. Wamenituma miye."