Insha Iliyojaa Wino Mwekundu

Juzi msichana wa kidato cha tatu aliingia katika duka la fotokopi ninakofanya kazi, Makutano, akafungua daftari lake la insha za Kiingereza juu ya kaunta.

“Sista, nitolee kopi ya hii page nionyeshe mathe nyumbani vile ticha ananionea,” alisema, akiugonga ukurasa kwa ukucha. “Ati niandike tena yote. Afadhali wewe, hakuna mtu anakusumbua.”

Pambizo lilijaa wino mwekundu: hapa eleza zaidi, hapa umenichekesha, mwisho umeuharakisha.

Mimi niliachia shule kidato cha pili. Nilimwonea wivu, na si kwa sababu ya sare. Nilitoa nakala mbili, moja nikaificha.

Jumapili niliiandika upya insha yake, nikifuata kila sahihisho. Imekamilika. Sina wa kumpelekea.