Makosa Sitini na Matatu

Mwaka wa sitini na tano, mwezi wa pili, masomo yalipofunguliwa tena Kisangani, Madame Asha aliingia kalasi ya sita akakuta watoto thelathini na mmoja, mabenchi kumi na mawili, na ubao wenye matundu mawili ya risasi. Hakuuliza matundu yametoka wapi. Waasi walikuwa wamekaa mjini tangu mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, na nusu ya watu walikimbilia porini. Alichukua chaki, akazungushia kila tundu duara, akaandika pembeni: hapa hatuandiki. Watoto wakacheka. Kazi ikaanza.

Huyu Asha alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, mjukuu wa mzee Nassoro aliyefundisha watoto wa Waislamu Korani. Kwa babu yake kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti. Anaandikiwa maneno kwa wino wa masizi, anayasoma mpaka yamkae kichwani, ndipo anaruhusiwa kuosha ubao na kuandikiwa mengine. Mmoja aliosha baada ya siku mbili, mwingine baada ya mwezi, na hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Asha alikaa na ubao mmoja majuma saba. Babu hakumwita mjinga. Alimwambia tu, "Soma."

Halafu akapelekwa masomo ya Wabelgiji, na huko akajua kwamba mtoto ana namba. Mwisho wa mwaka wazazi wanavaa, wanajaa uwanjani, direktere, mkuu wa shule, anasoma majina kuanzia wa kwanza, na yule wa mwisho anatembea peke yake katikati ya vicheko. Asha alitembea vile mara mbili. Mwaka wa uhuru, Wazungu walipoondoka na walimu wakapungua, akachukuliwa kufundisha. Siku ileile aliapa kwamba kwake hakuna mtoto atakayetembea vile. Na Asha akiapa, hata kamyo, lori la askari, haimgeuzi.

Jumamosi ya kwanza alitoa dikte: yeye akasoma mistari kumi na miwili ya Kifaransa, wao wakaandika. Henri, mtoto wa Mama Pélagie muuza vitenge, alipata makosa matatu. Nyota alipata sitini na matatu.

Nyota alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa ametoka porini, upande wa barabara ya Bengamisa, miezi sita ya kula mihogo na kusahau kila kitu. Baba yake hakurudi. Alilelewa na tonton Zacharie, ndugu ya baba yake, mchuuzi wa samaki, ambaye alikuwa amesema mbele ya watu wote wa nyumba: mwaka huu mmoja tu. Nyota akipata sertifika, cheti cha kumaliza kalasi ya sita, ataingia sekondari, hata kama itabidi Zacharie auze mutumbwi. Akikosa, ataenda Isangi kwa shangazi kukausha samaki, na mambo ya daftari yameisha.

Alifunika karatasi yake kwa mikono miwili. "Madame, mimi niko na kichwa nguvu. Hata papa alisemaka vile."

"Kichwa nguvu? Lete niguse." Asha akamgonga utosini na kidole, to, to, kama mtu anayenunua papai. "Bon. Nguvu kweli. Donc, kitu ikiingia humu haitatoka tena. Sasa onyesha mimi kosa moja. Ile unaona njo kadogo kuliko yote."

Nyota akatafuta, akatafuta, akaonyesha moja.

"Hiyo tutaiua juma hii. Ingine iache ikae, itangoja zamu yake."

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Asha hakusoma nani wa kwanza. Alisoma kila mtoto ameua makosa mangapi tangu Jumamosi iliyopita, na aliyeua anasimama kueleza alivyoua. Hapo ndipo palipokuwa na utamu! Nyota alisimama akasema, "Mimi nilikuwa nasahau ile s ya vitu vingi. Sasa nikisikia *les*, nakunja kidole. Mwisho wa mstari nahesabu vidole, natafuta s zangu." Kalasi nzima ikaanza kukunja vidole. Sitini na matatu ikawa arobaini na tisa. Arobaini na tisa ikawa thelathini na nane. Watoto walipiga mabenchi mpaka mwalimu wa kalasi ya jirani akaja kuuliza kama waasi wamerudi.

Jumamosi moja Asha akaita, "Henri?"

"Sifuri, Madame. Tatu yangu njo ile ile." Na Henri akalia machozi ya kweli.

Jumatatu asubuhi Mama Pélagie alifika amefunga kitenge kiunoni kama anayekuja kupigana.

"Madame! Mutoto yangu eko wa kwanza tangu kalasi ya kwanza. Leo unamutia sifuri?"

"Sikumutia, mama. Alibakia palepale."

"Palepale ni juu!"

"Ni juu, sikatai. Lakini amekaa kule juu kama kuku kwenye paa. Haruki, hashuki."

Mama Pélagie alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. "Alors, umurushe basi!"

Asha akamrusha. Alimpa dikte yake peke yake, iliyotoka kwenye gazeti, maneno marefu kama gari moshi. Henri alirudi nyumbani mbio anapiga kelele, "Mama! Niko na makosa makumi mbili na tisa!" Mama yake alishika kiatu, akakiweka chini, akakishika tena. Hajawahi kuona mtoto anayefurahia kitu kama hicho.

Mwezi wa tano Direktere Faustin akamwita Asha ofisini.

"Madame Asha, mutihani iko katikati ya mwezi wa sita. Dikte ikipita makosa tano, mutoto ameanguka. Mimi nitaandikisha wale wenye akili tu. Wengine wataharibia masomo yetu jina."

"Wenye akili njo wepi?"

"Unawajua."

"Siwajui, Directeur. Kila Jumamosi wananidanganya. Yule nilisema hawezi, anaweza."

Faustin akapangusa miwani yake. "Bon. Mwisho wa mwezi nitatoa dikte mimi mwenyewe. Mwenye kupita kosa kumi, simuandiki."

"Kumi?"

"Kumi."

Nyota wakati ule alikuwa na kumi na saba.

Majuma matatu Asha hakulala vizuri, wala Nyota, wala mbuzi wa tonton Zacharie, maana Nyota alimsomea mbuzi yule Kifaransa kila asubuhi kwa sauti kubwa. Siku ilifika. Direktere akasoma dikte, akasahihisha kwa wino mwekundu mbele ya wote. Alipofika karatasi ya Nyota akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Tisa," akasema.

Loo, kelele! Asha mwenyewe aliruka. Alikuwa na kopo la poda kwenye mkoba, maana mwanamke wa Kisangani hatembei bila poda, akalifungua akammwagia Nyota kichwani, shingoni, mabegani, mpaka mtoto akawa mweupe kama unga wa muhogo. Watoto wakamsindikiza nyumbani wakiimba njia nzima.

Hapo Asha alikosea, tena kosa kubwa. Poda mjini kwetu ni ya aliyemaliza. Mtu akikuona umepakwa poda haulizi. Anajua umepita mtihani, anaingia kukupongeza na kungoja sahani.

Jumatatu Nyota hakuja. Jumanne asubuhi nafasi yake kwenye benchi ikawa tupu tena. "Mwenzenu yuko wapi?" Asha akauliza.

"Madame, si anaenda Isangi leo na masua," watoto wakajibu. "Jumapili tulikula mbuzi kwao."

Asha hakungoja kusikia mengine. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia. Masua, meli za kushuka mto, zilikuwa chache tangu vita, ikiondoka moja unaweza kungoja mwezi na nusu, na mtihani ulibaki majuma mawili. Nyuma yake watoto thelathini walitoka madirishani na mlangoni, wakamfuata. Watu wa sokoni walipoona mwalimu anakimbia miguu mitupu na kalasi nzima nyuma, baadhi yao nao wakakimbia bila kujua kwa nini.

Masua ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Zacharie alikuwa ndani na suti yake ya kanisani, Nyota amekalia beseni la vitu vyake.

"Madame!" Zacharie akafurahi. "Umekuja kuagana! Atapumzika kwa dada yangu mpaka sekondari ifungue."

"Papa Zacharie, mutoto hajapita!"

"Namna gani hajapita? Na ile poda? Quartier nzima, mutaa wote, iliona poda! Nilichinja mbuzi!"

"Alipata ruhusa ya kufanya mutihani, njo tu. Poda nilipaka mimi mapema. Furaha ilinikimbiza. Ni kosa yangu."

"Madame ana kosa moja!" mtoto mmoja akapiga kelele nyuma.

"Moja, lakini nene," Asha akajibu bila kugeuka. "Na leo ninaiua. Nyota, wewe ulijua. Kwa nini hukusema?"

Nyota aliangalia miguu yake. "Watu waliimba, Madame. Mbuzi ilikuwa imeisha kufa. Nikasema, nikienda mutihani nikianguka, na poda yote ile, nitaficha wapi uso? Afadhali Isangi."

"Ulikuja kwangu na sitini na matatu, hukukimbia. Leo unakimbia tisa?"

Honi ikapiga mara ya pili. Wafanyakazi wakaanza kufungua kamba. Nyota akatazama ng'ambo, akamtazama tonton wake. Halafu akasimama, akajitwika beseni, akaruka. Maji yalimfika magotini. Watoto wakamvuta juu.

"Na mimi?" Zacharie akalia. "Mbuzi yangu?"

"Iko ndani ya tumbo la Nyota," Asha akamwambia. "Itamusaidia mutihani!"

Zacharie akacheka mwenyewe, akakunja suruali ya suti, akaruka naye.

Mtihani ulifanywa. Majuma mawili wakangoja. Siku orodha ilipopigiliwa misumari mlangoni, uwanja ulijaa kuliko siku ya uhuru. Henri alipita bila kosa hata moja. Watoto wanne hawakupita, na Asha aliwaita kabla hajampongeza yeyote, akawaambia waje Jumatatu na daftari zao, kazi iko palepale walipoiacha. Nyota alipita. Dikte, makosa manne.

Zacharie alisukuma watu kwa viwiko mpaka akafika mbele. Hakujua kusoma. "Nyota, onyesha mimi. Jina yako iko wapi?"

"Hii, tonton."

"Hii njo wewe?" Akaweka kidole juu yake, akakaa nacho hapo muda mrefu, watu wa nyuma wakimtukana. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na Zacharie, inaandikwa namna gani?"

Nyota akachukua kijiti, akaandika chini kwenye mchanga, akafuta kwa mguu, akampa kijiti. Zacharie akainama na suti yake, akaandika huku jasho likimtoka, akasimama.

"Makosa ngapi?"

Nyota akahesabu kwa vidole, akanyoosha vinne. "Ine, tonton."

"Ine!" Zacharie akamgeukia Mama Pélagie, akawageukia watu wote wa uwanja, mikono juu. "Mumesikia? Ine tu! Na njo siku ya kwanza!"