Kichwa Alichokijua Bibi

Bibi yangu wa Kyarumba, kule milimani, alipopofuka, na masikio nayo yakaanza kumchezea, alitujua wajukuu wake kwa nywele. Ukifika unapiga magoti, anakushika kichwa, anapapasa kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, halafu anakuita kwa jina. Ole wako umtangulie kujitaja! "Nyamaza! Nimekuuliza?" Na hakukosea hata mara moja.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nauza vitambaa dukani Kasese. Rafiki yangu, mke wa askari, alikuwa na kitana cha chuma. Anakiweka juu ya makaa, anakupaka mafuta, anavuta, na nywele zinalala kabisa. Krismasi nilipanda nyumbani nanukia mafuta yaliyoungua, najiona mimi ndiye mimi.

Bibi akanishika kichwa. Mkono ukasimama. Akarudia mbele, akarudia nyuma, akajifuta mafuta kwenye nguo yake.

"Karibu, mgeni," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Nikapiga kelele jina langu sikioni mwake. Akaitikia kwa adabu, ile adabu ya kumsikiliza mtu usiyemjua. Jamani, iliniuma! Bibi aliyenilea tangu nikiwa mchanga! Mpaka naondoka aliniita mgeni.

Nilipofika Kasese nikanyoa zote. Rafiki yangu akashika mdomo.

"Wewe! Umefiwa?"

"Sijafiwa. Nataka nywele zangu."

"Zipi hizo?"

Shuleni zilikuwa fupi, sikuzijali. Nilipoanza kazi nikazichoma. Bibi alizijua, mwenyewe sizijui.

Basi nikakaza moyo. Zilipoota nikawa nazichungulia kwenye kioo kabla ya kwenda dukani. Za mbele zilikuwa laini, zinajikunja polepole, ukizilowesha zinalegea. Za kisogoni, loo! Vipete vidogo vimeshikana, maji yanateleza juu yake, na kitana kikaacha meno mle ndani. Rafiki yangu hakuchoka kunisema.

"Wacha mchezo, njoo nikuchome. Mwenye duka atakufukuza."

"Anifukuze. Sichomi."

Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa Bibi asije akafa kabla hazijarefuka, akafa akidhani mjukuu wake alimtupa.

Siku moja nilitumwa Bwera kuchukua vitambaa. Sokoni palikuwa na mama mmoja Mkongo aliyesuka watu kwa uzi. Akazigawa nywele zangu kwa vidole, akaguna.

"Mama, kichwa yako iko na nywele mbili. Ya mbele inataka maji, ya nyuma inataka mafuta. Usiipiganishe."

Sikuzipiganisha tena. Mbele maji, nyuma mafuta, na vidole badala ya kitana. Zikaacha kukatika.

Zilipojaa kiganja nikaomba ruhusa, nikapanda Kyarumba. Nikapiga magoti, nikanyamaza. Mkono wa Bibi ukapita kwenye zile laini bila kusimama. Ukafika kisogoni. Akazishika zile ngumu, akazivuta kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, akaita jina langu.

Kisha akaanza kunigombeza.

"Krismasi ulikuwa wapi wewe? Walileta hapa msichana mmoja, anajiita wewe. Nikamhurumia, nikampa kuku niliyekuwa nimekuwekea."